Sura ya Sita: Mkeka Ukitiki, Karatasi Iko Wapi?

Jumamosi jioni, kabla mechi za Uingereza hazijaanza saa 11 au saa 12 kutegemea majira ya huko, maduka ya kubeti ya Songea hufurika. Kalamu imefungwa kwa uzi mezani isiondoke na mtu. Ukutani imebandikwa ratiba ndefu ya mechi na odi zake, na sakafuni imetapakaa mikeka ya jana iliyochanika, yaani tiketi zilizopoteza. Dereva wa bodaboda kutoka Lizaboni anabishana na fundi wa simu wa Mfaranyaki kama Arsenal atashinda au atatoa sare, kila mmoja akiwa na elfu mbili yake mkononi. Akitokea aliyebahatika wiki iliyopita, anasogea dirishani, anahesabiwa noti zake, anazikunja mfukoni na kuondoka. Mara nyingi tiketi inabaki kwa keshia.

Sura hii inaihusu hiyo tiketi iliyobaki kwa keshia. Wapenzi wengi wa kubeti huamini kwamba kodi ya ushindi ikishakatwa dirishani, habari yao na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, imekwisha. Nusu ya imani hiyo ni ya kweli. Kodi imelipwa, lakini mshindi ameondoka hana chochote cha kuonyesha kwamba fedha hizo ni za ushindi na wala si za mauzo yaliyofichwa, mshahara wa pembeni au rushwa. Siku atakapoulizwa, anayetakiwa kuthibitisha ni yeye. Kampuni ya kubeti ina rekodi, serikali ina rekodi, na mtu pekee asiye na rekodi ni yule aliyetoa fedha zake.

Kodi inayokatwa dirishani

Kubahatisha kwa kibali cha serikali hakukuanza na simu za mkononi. Sheria ya bahati nasibu ilipitishwa mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, na mwaka 1974 ikaja sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa. Mfumo tulio nao leo unasimama juu ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, ya mwaka 2003, iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Bodi ndiyo inayotoa leseni za kasino, maduka ya kubeti, mashine za sarafu na bahati nasibu. Asiyetimiza miaka 18 haruhusiwi kucheza.

Mwaka 2017 mambo mawili yalikutana. La kwanza ni fedha za kubeti kumwagika kwenye soka. SportPesa iliingia nchini, ikazidhamini Simba na Yanga kwa pamoja, na Julai mwaka huo ikaileta Everton kucheza na Gor Mahia Dar es Salaam, Wayne Rooney akafunga bao. La pili halikupigiwa makofi na mtu: Sheria ya Fedha ya 2017 ilihamishia ukusanyaji wa kodi ya michezo ya kubahatisha kwa TRA. Kuanzia hapo, anayekusanya kodi ya kamari ni yuleyule anayekagua duka lako, lori lako na nyumba yako ya kupangisha. Taarifa ambazo zamani zilikuwa katika ofisi mbili sasa zinaweza kukutana mezani pa ofisa mmoja.

Kodi zenyewe ni za aina mbili, na ni vizuri msomaji azitenganishe. Ya kwanza anailipa mwenye mchezo kutokana na mapato yake ghafi, yaani dau zote alizopokea ukitoa zawadi alizolipa. Ya pili anakatwa mshindi katika ushindi wake, na kampuni inaipeleka TRA kwa niaba yake. Sheria ya Fedha ya 2021 inaonyesha jinsi mizani hiyo inavyochezeshwa. Kodi ya mshindi wa kubeti michezo ilishushwa kutoka asilimia 20 hadi 15, na kodi ya kampuni katika mapato ghafi ikapandishwa kutoka asilimia 25 hadi 30, ile asilimia 5 ya nyongeza ikielekezwa kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Viwango hivi huguswa mara kwa mara katika bajeti za Juni, na mabadiliko huanza Julai mosi. Kwa hiyo usimwamini anayekutajia kiwango cha mwaka juzi, hata kama anabeti kila siku.

Majirani zetu nao wamepigana vita hiyohiyo. Kenya, mwaka 2019, Mamlaka ya Mapato ya nchi hiyo na kampuni kubwa za kubeti zilivutana kuhusu kodi ya asilimia 20: je, inakatwa kwenye fedha zote anazolipwa mchezaji, pamoja na dau lake mwenyewe, au kwenye faida peke yake? Leseni hazikuhuishwa, na ilipofika mwishoni mwa Septemba mwaka huo SportPesa ikasimamisha shughuli zake Kenya. Uganda, Januari mwaka huohuo, serikali ilitangaza kwamba haitatoa tena leseni mpya za kubeti michezo. Mchezaji wa kawaida aliliona hilo kama ugomvi wa wakubwa. Kumbe kiini chake ni swali linalomgusa yeye moja kwa moja: ushindi ni nini hasa, na unapimwaje?

Kodi isiyouona msimu

Tujibu swali hilo kwa hesabu ya mtu wa kubuni. Kijana wa Bombambili anaweka mkeka wa shilingi 10,000 kila wiki kwa wiki 40. Jumla ametoa 400,000. Mikeka miwili imetiki: mmoja ulilipa 150,000, mwingine 180,000. Ukitoa dau lake, faida ya mkeka wa kwanza ni 140,000 na ya mkeka wa pili ni 170,000, jumla 310,000. Tukitumia kiwango cha asilimia 15 cha mwaka 2021, amekatwa 46,500. Mkononi amepokea 283,500.

Sasa tazama mwaka mzima. Ametoa 400,000, amepata 283,500, amepoteza 116,500. Kama kodi isingekuwepo angepoteza 70,000. Kwa maneno mengine, mtu huyu amekula hasara mwaka mzima na bado amelipa kodi ya ushindi ya shilingi 46,500. Hakuna aliyemdhulumu na hesabu haikukosewa. Kodi hii hutazama mkeka mmoja mmoja uliotiki na kukata hapohapo. Ile mikeka 38 iliyochanika haina mahali pa kuandikwa.

Mataifa mengine yamejibu swali hili kwa njia nyingine. Uingereza, mwaka 1925, katika kesi ya Graham dhidi ya Green, Jaji Rowlatt aliamua kwamba mtu aliyekuwa akiishi kwa kubeti farasi hakuwa akifanya biashara, kwa hiyo ushindi wake hautozwi kodi ya mapato. Mpaka leo mchezaji wa huko halipi kodi ya ushindi. Anayelipa ni mwenye duka. Lakini kwa kuwa ushindi si mapato ya kodi, hasara nayo si hasara ya kodi. Anayeuza magari hawezi kupunguza kodi ya gereji yake kwa kusema alipigwa kwenye farasi.

Marekani walichukua njia ya pili: ushindi wote ni mapato, na mchezaji anaruhusiwa kuondoa hasara zake mradi zisizidi ushindi. Kesi maarufu ni ya bwana mmoja aliyeitwa Robert Groetzinger. Mwaka 1978, baada ya kukosa kazi, aligeuza mashindano ya mbio za mbwa ya Florida na Colorado kuwa ajira yake. Alikuwa uwanjani siku sita kwa wiki, na shughuli hiyo ilimchukua saa 60 hadi 80. Mwaka ulipokwisha alikuwa amepokea dola 70,000 na kuweka dau za dola 72,032, yaani hasara ya dola 2,032. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1987 mahakama ikasema mtu anayecheza kwa bidii kila siku ili kujipatia riziki anafanya biashara kama wafanyabiashara wengine. Lililomsaidia lisisahaulike: kila siku aliandika katika daftari alichoshinda na alichopoteza. Majaji walijadili sheria tu, kwa sababu tarakimu hazikuwa na ubishi.

Hata huko mambo yanakaza. Sheria iliyosainiwa Marekani tarehe 4 Julai 2025 inasema kwamba kuanzia mwaka 2026 mchezaji ataondoa asilimia 90 tu ya hasara zake. Aliyeshinda dola 100,000 na kupoteza dola 100,000, hajapata hata senti moja, lakini atahesabiwa kuwa na mapato ya dola 10,000. Kijana wetu wa Bombambili angemwelewa bila mkalimani.

Daftari la mwenye nyumba

Kama mchezaji haandiki, mwenye mchezo anaandika kila kitu, na ana sababu. Songea si mji wa kasino kubwa kama zile za Dar es Salaam. Hapa wengi wanajua mashine za sarafu za kwenye baa, zile zinazomeza shilingi 200 moja baada ya nyingine, na maduka ya kubeti. Hata hivyo kanuni ya hesabu ni ileile kutoka baa ya Majengo hadi kasino ya ghorofani.

Chukua meza ya kasino. Mchezaji akitoa noti, mchezeshaji anazidumbukiza kupitia tundu la mezani hadi kwenye sanduku lililofungwa kwa kufuli, kisha anampa mchezaji vibao vya plastiki vya thamani hiyohiyo. Meza ilianza zamu na vibao vya thamani fulani, ikaongezewa au ikapunguziwa katikati, na kila mara karatasi ikasainiwa na pande mbili. Zamu ikiisha, sanduku linafunguliwa katika chumba cha kuhesabia, mbele ya watu zaidi ya mmoja na chini ya kamera. Fedha za sandukuni, ukijumlisha vibao vilivyobaki na vilivyopunguzwa, ukitoa vilivyokuwepo mwanzoni na vilivyoongezwa, ndiyo faida ya meza hiyo. Mkaguzi hahitaji kuwa amekaa pale usiku kucha. Anahitaji karatasi tatu au nne zinazokubaliana, na anachotafuta ni pale zinapokataa kukubaliana.

Mashine nayo ina mita ndani yake inayohesabu kilichoingia na kilichotoka, kwa namna ambayo mhudumu wa baa hatakiwi kuigusa. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo mapato ghafi, na lazima ilingane na sarafu zilizokutwa kwenye droo. Isipolingana, ama kuna aliyechota, ama mashine imechezewa. Ndiyo maana mashine isiyo na kibali ni kosa kubwa machoni pa Bodi: mita yake haisomwi na yeyote.

Mwenye nyumba, yaani mwenye mchezo, huandika pia kwa sababu anajua hesabu iko upande wake. Gurudumu la ruleti la Ulaya lina namba 37, sifuri ikiwemo. Ukiweka dau kwenye namba moja na ikaja, unalipwa mara 35 ya dau. Hiyo namba moja ya ziada, ile sifuri, ndiyo mshahara wa kasino, asilimia 2.7 ya kila dau kwa muda mrefu. Kwenye mpira tozo hiyo imejificha zaidi. Tuseme mechi ina odi 2.50 kwa mwenyeji, 3.00 kwa sare na 2.60 kwa mgeni. Gawa moja kwa kila odi, ujumlishe: unapata takriban 1.118, badala ya 1. Maana yake ni kwamba katika kila shilingi 100 zinazochezwa kwa odi hizo, kwa wastani zinarudi kama 89 na nusu. Ukizifunga mechi tano za aina hiyo katika mkeka mmoja, makato yanazidishana, na kinachorudi kwa wastani ni kama shilingi 57. Wapenda mikeka mirefu ya mechi kumi na tano wapige hesabu wenyewe.

Mkaguzi akibisha hodi

Hebu sasa tuingie katika ofisi ya kodi. Mfanyabiashara wetu wa kubuni ana duka la vifaa vya ujenzi Majengo, Songea: saruji, nondo, mabati, misumari. Yumo katika kundi la wafanyabiashara wadogo wanaolipa kodi kwa kuangalia mauzo. Kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya 2022, mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 11 na milioni 100 kwa mwaka analipa asilimia 3.5 ya mauzo. Yeye ametaja mauzo ya milioni 84, amelipa 2,940,000, na ana risiti.

Mkaguzi anapoomba taarifa za benki na za simu, anakuta kwamba katika mwaka huo zimeingia shilingi milioni 109. Anauliza swali moja la adabu kabisa: hizi milioni 25 zimetoka wapi?

Mfanyabiashara anajibu bila kusita. Milioni 16 alishinda kwenye kubeti. Milioni tano ni mkopo wa kikoba cha mke wake. Milioni nne aliuza pikipiki. Kila neno ni kweli. Kisha mkaguzi anauliza la pili: karatasi iko wapi?

Kikoba wana daftari lenye saini za wanachama, kwa hiyo hilo limepita. Pikipiki iliuzwa kwa mkataba ulioandikwa kwa mwenyekiti wa mtaa, nalo limepita. Ushindi wa milioni 16 alilipwa taslimu, akaweka benki kidogo kidogo kwa miezi mitatu kwa sababu aliogopa kuonekana ana fedha nyingi. Tiketi hana. Tarehe hakumbuki vizuri. Na kule kuweka kidogo kidogo kunafanana mno na jinsi mauzo ya duka yanavyowekwa benki.

Tofauti hapa ni kubwa kuliko inavyoonekana. Zile milioni tisa za kikoba na pikipiki zikitolewa, inabaki milioni 100 kamili: 84 alizozitaja na 16 zenye ubishi. Amesimama ukingoni kabisa mwa kundi la wadogo. Mkaguzi akichimbua mauzo mengine ya laki tano tu, anavuka, na akivuka anatakiwa kuwa na hesabu kamili za biashara, na kodi yake inapimwa kwa faida, si kwa mauzo. Hata asipovuka, asilimia 3.5 ya milioni 16 ni 560,000, ambazo atazilipa pamoja na riba na adhabu, kwa fedha ambazo zilikwishakatwa kodi ya ushindi. Analipa mara mbili kwa kukosa karatasi moja.

Je, si serikali ndiyo ithibitishe kwamba ni mauzo? Hapana. Sheria ya Rufani za Kodi, Sura ya 408, inaweka wazi kwamba anayedai makadirio ni makubwa mno au yamekosewa ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa Kamishna Mkuu uwezo wa kudai taarifa na nyaraka kutoka kwa mtu yeyote, benki ikiwemo, na kukadiria kodi kwa kadiri ya uelewa wake pale ambapo mlipakodi hana kumbukumbu.

Mlipakodi asiyeridhika ana njia. Ndani ya siku 30 tangu apokee makadirio anaweza kuwasilisha pingamizi kwa Kamishna Mkuu, akilipa kwanza theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kile kiasi ambacho hakina ubishi, chochote kilicho kikubwa zaidi. Asiporidhika na uamuzi, anakwenda Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, na mwisho Mahakama ya Rufani. Ni ngazi nzuri, lakini inampandisha yule tu mwenye cha kushika mkononi. Kule juu hakuna atakayemuuliza kama ni mtu mwaminifu. Wataomba ushahidi.

Kwa nini hawamwamini

Msomaji anaweza kuona mkaguzi ana roho mbaya. Tumtendee haki. Maneno "nilishinda kamari" ni kisingizio kikongwe cha mwenye fedha zisizo na maelezo, kwa sababu ushindi hauna mteja wa kuhojiwa, hauna stoo ya kukaguliwa, na unaweza kutokea kwa yeyote.

Mfano uliotia fora ni wa James Bulger, jambazi mkuu wa Boston. Mwaka 1991 alijitokeza, pamoja na wenzake watatu, kudai kwamba wao ndio wenye tiketi iliyoshinda dola milioni 14.3 za bahati nasibu ya jimbo la Massachusetts. Tiketi yenyewe iliuzwa katika duka la pombe lililokuwa chini ya himaya yake. Wapelelezi waliamini kwamba alijinunulia fungu katika ushindi wa mtu mwingine ili apate mapato halali ya kuonyesha. Fikiri kidogo: jambazi mwenye magunia ya dola alihitaji kitu ambacho kijana wa Songea anakiacha kwa keshia kila wiki, yaani karatasi ya ushindi.

Hapa kwetu sheria zinakutana katika jambo hilohilo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 27, inagusa mtumishi wa umma mwenye mali asizoweza kuzieleza. Sheria ya Kudhibiti Fedha Haramu ya mwaka 2006 inaziweka kasino na waendeshaji wa michezo ya kubahatisha miongoni mwa wanaopaswa kutoa taarifa za miamala ya kutiliwa shaka. Oktoba 2022 Tanzania iliwekwa katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, na ikatolewa Juni 2025 baada ya kukaza mambo. Kukaza huko hakuishii Dar es Salaam. Ofisa wa benki wa Songea anapomuuliza mteja asili ya milioni 16, hamwonei. Naye ana wa kumuuliza.

La kufanya

Sitamshauri mtu abeti. Misikitini kamari imekatazwa waziwazi, na makanisani padre na mchungaji hawachoki kuwaonya vijana. Hesabu za mechi tano zilizotangulia zinatosha kwa asiyesikia mahubiri. Lakini anayebeti ni raia na mlipakodi, na ana haki ya kujilinda.

La kwanza, kabla tiketi haijaondoka mkononi mwako, ipige picha pande zote mbili. Juu yake pana namba ya tiketi, tarehe, saa, mechi, odi na dau. Karatasi ya mashine hufifia. Ukiihifadhi kwenye droo ya dukani, mwaka hauishi kabla haijawa nyeupe kama haijawahi kuandikwa. Sheria inakutaka utunze kumbukumbu za kodi kwa miaka mitano. Nakala ya fotokopi haifikii bei ya soda.

La pili, ushindi mkubwa ulipwe kupitia benki au simu, usilipwe taslimu. Taarifa ya M-Pesa au Airtel Money inaonyesha aliyetuma, kiasi na tarehe. Hiyo inatosha kumaliza mabishano yaliyomfikisha yule mwenye duka ukingoni. Omba pia kampuni ikupe maandishi ya kiasi cha ushindi na kodi iliyokatwa. Kodi hiyo imelipwa kwa jina lako, na una haki ya kujua imeandikwaje.

La tatu, usichanganye. Fedha za duka zikae akaunti ya duka, za kubeti zikae pengine. Kuzigawa noti za ushindi katika vipande na kuziingiza benki pole pole ili zisionekane kunaonekana vibaya zaidi kuliko kuziweka zote siku moja na kueleza.

La nne, andika hasara zako pia. TRA haizihitaji, kwa kuwa sheria yetu haizitambui. Zinakuhusu wewe. Msimu ukiisha, jumlisha safu mbili, ulichotoa na ulichopata, kabla hujajiita mshindi mbele ya watoto wako.

Wazee walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mwenye duka methali hiyo ina tarakimu kabisa: katika viwango vya 2022, aliyeuza milioni tano kwa mwaka analipa shilingi 100,000 asipokuwa na kumbukumbu, na 30,000 akiwa nazo. Daftari la shilingi elfu moja linaokoa elfu sabini. Kwa anayebeti hesabu ni hiyohiyo, isipokuwa kiasi kinachookolewa kinaweza kuwa kikubwa zaidi. Leo jioni, kabla hujaweka mkeka mwingine, fungua ukurasa mpya, andika tarehe, andika dau. Na mkeka ukitiki, usiondoke dirishani bila karatasi.